Dirisha Linalosomwa Kuanzia Chini

Upande wa kusini wa kanisa kuu la Chartres, Ufaransa, kuna dirisha la Msamaria Mwema, lililotengenezwa mwanzoni mwa karne ya 13. Ukilifikia, anza kutazama chini. Hapo wapo washona viatu wakiwa kazini. Kwa desturi husemwa kwamba ndio waliolitolea kanisa dirisha hilo, ingawa wapo wanahistoria wanaolitilia shaka jambo hilo. Juu yao unaanza mfano tunaoujua kutoka Injili ya Luka: msafiri anatoka Yerusalemu kwenda Yeriko, wanyang'anyi wanamvua nguo na kumpiga, kuhani na Mlawi wanampita, Msamaria anamfikisha kwenye nyumba ya wageni.

Panda hatua moja zaidi, na hadithi inageuka ghafla. Mungu anamuumba Adamu. Kisha Hawa, tunda, kufukuzwa bustanini, na Kaini akimuua Abeli. Kileleni kabisa ameketi Kristo.

Fundi hakuchanganya hadithi. Tangu karne za kwanza walimu wa Kanisa, Origene na Augustino miongoni mwao, walifundisha kwamba msafiri yule ni Adamu, yaani sisi sote. Yerusalemu ni paradiso aliyoiacha na Yeriko ni dunia hii. Wanyang'anyi ni shetani na jeshi lake. Kuhani na Mlawi ni Sheria na Manabii, visivyoweza kumponya. Msamaria ni Kristo, na nyumba ya wageni ni Kanisa.

Ndiyo maana sikubaliani na wale wanaoyaita madirisha haya Biblia ya wasiojua kusoma, wakaishia hapo. Asiyejua kusoma angemjuaje Adamu ndani ya msafiri pasipo mtu wa kumweleza? Dirisha hili ni mahubiri, tena mahubiri mazito, na lilihitaji mhubiri kando yake. Upande huohuo wa kusini, chini ya dirisha kubwa la duara, Mathayo, Marko, Luka na Yohana wamebebwa mabegani na Isaya, Danieli, Yeremia na Ezekieli: Agano Jipya limekalia la Kale.

Hata kioo chenyewe kilikuwa na maana. Wahubiri wa zama hizo walisema nuru hupenya kioo bila kukivunja, vivyo hivyo Kristo alizaliwa na Maria naye akabaki bikira. Kioo hicho kilitokana na vitu duni kabisa: mchanga na majivu ya kuni, vikiyeyushwa pamoja. Kobalti ilileta buluu ile inayoitwa hadi leo kwa jina la Chartres, na shaba ilileta wekundu. Nyuso na mikunjo ya nguo zilichorwa kwa rangi nyeusi, kisha kioo kikarudishwa tanuruni ili mchoro ushike. Vipande vikaunganishwa kwa vipapi vya risasi, navyo vikawa mistari ya mchoro.

Kwa kuwa dirisha limeundwa kwa paneli, linaweza kuondolewa. Mwaka 1939, vita vilipokaribia, vioo vya Chartres vilishushwa paneli baada ya paneli na kufichwa mbali. Vita vilipokwisha, vioo vilirudishwa, kila kimoja mahali pake: washona viatu chini, Kristo juu.