Usukani Unaocheza katika Motokaa ya Zamani

Chombo chochote kinachobeba watu, kiwe cha baharini au cha bara, kina kitu kimoja ambacho kikiharibika vingine vyote havifai kitu. Nacho ni usukani. Tanga likipasuka, jahazi huendelea kuelea. Injini ya motokaa ikizimika, gari husimama kando ya njia na waliomo wakashuka salama. Lakini usukani ukikataa kutii, nguvu ya injini yenyewe hugeuka ikawa adui wa aliye ndani. Kwa ajili hiyo tumeona yafaa kuwaeleza wasomaji wetu khabari ya usukani uliolegea katika motokaa za zamani: namna ya kuutambua ugonjwa wake, na namna ya kuutibu.

Twaandika haya kwa kuwa nyumba nyingi za kwetu zina gari la miaka mingi, nalo si la fahari bali ni la riziki. Gari hilo moja hubeba mahindi asubuhi, watoto adhuhuri, na jeneza jioni. Mwenyewe hulijua kama mtu amjuavyo punda wake, na hapo ndipo penye hatari. Usukani haulegei kwa siku moja. Hulegea kidogo kidogo kwa miaka, na mkono wa dereva hujifunza kuufuata pasipo yeye kujua. Akiulizwa husema, "Gari langu ndivyo lilivyo." Mgeni anayeushika usukani huo kwa mara ya kwanza ndiye anayeshtuka. Wahenga walisema: mdharau mwiba mguu huota tende.

Kwa mfano wetu twachukua Land Rover za zamani, zile ziitwazo Series. Gari hilo lilionyeshwa kwa watu mara ya kwanza mwaka 1948 katika maonyesho ya magari ya Amsterdam, na Series ya tatu, ambayo ndiyo ya mwisho, ilianza mwaka 1971 ikaendelea kuundwa Uingereza hadi mwaka 1985. Zingalipo zinazofanya kazi katika njia za mashamba na milima za Afrika ya Mashariki, na kwa kuwa viungo vyake viko wazi chini ya gari, ni rahisi kujifunzia. Mwenye gari la namna nyingine atapata faida pia, maana maradhi ni yale yale ingawa miili hutofautiana.

Kwanza yapasa tujue kwamba neno "umelegea" lina maana tatu, na kila moja ina dawa yake. Maana ya kwanza ni usukani wenyewe kutikisika mkononi, ukiuvuta juu na chini au mbele na nyuma. Hapo tatizo liko karibu na dereva: ama bolti au nati inayoubana usukani juu ya fimbo yake imelegea, ama bushi au beringi inayoishika fimbo hiyo imelika. Maana ya pili ni usukani kuzunguka kidogo kulia na kushoto na magurudumu yasigeuke. Huo ndio mchezo wenyewe, na sababu zake ni nyingi. Maana ya tatu ni gari kutangatanga njiani au magurudumu ya mbele kutetemeka kwa nguvu yakipiga shimo. Hilo huenda likatokana na beringi za magurudumu, kingi pini, springi zilizolegea, au hata tairi zisizo na upepo wa kutosha.

Sasa na tufuate njia ya mwendo kutoka mkononi hadi ardhini. Dereva huzungusha usukani. Fimbo hupeleka mzunguko huo katika sanduku la usukani. Ndani ya sanduku meno huugeuza mzunguko kuwa mwendo wa kusukuma na kuvuta, ukatoka kwa mkono mfupi wa chuma. Mkono huo husukuma chuma kirefu kinachokwenda mbele hadi kwenye kifaa kiitwacho rilei, kilichosimama katika boriti ya mbele ya chasisi. Rilei huupokea mwendo na kuupitisha kwa chuma cha pili, kinachokwenda kwenye gurudumu moja. Kisha chuma cha tatu, yaani tairodi, huliunganisha gurudumu hilo na mwenzake ili yageuke pamoja. Kila chuma katika hivyo vitatu kina kiungo huku na huku, ambacho mafundi hukiita tairodi endi: kichwa cha mviringo kama gololi, kinachocheza ndani ya kikombe chenye grisi. Basi viungo hivyo ni 6. Kila kimoja kikilika hata kwa upana wa ukucha, mchezo wao hujumlika wote, ukafika mkononi mwa dereva ukiwa mkubwa.

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Juu ya sanduku la usukani mna skrubu yenye nati ya kuifunga, nayo imewekwa ili kupunguza nafasi baina ya meno. Kwa kuwa ni rahisi kuifikia, fundi mwenye haraka huikaza, mchezo ukapungua papo hapo, na mwenye gari akalipa kwa furaha. Mzee mmoja katika majirani zetu, anayepeleka mboga sokoni kwa Land Rover, alitengenezewa hivyo. Siku ya pili yake alipokuwa akiteremka kutoka Lushoto kwenda Mombo, njia yenye kona nyingi na bonde upande mmoja, aliona kwamba akikata kona usukani haurudi wenyewe. Ikambidi aurudishe kwa nguvu za mikono miwili kila kona. Alifika salama, akalipeleka gari kwa fundi mwingine.

"Mzee, skrubu hii aliikaza nani?" aliuliza fundi huyo.

"Fundi wa kwanza, mwanangu. Usukani si ulikuwa ukicheza?"

"Ulikuwa ukicheza, Mzee, lakini ugonjwa haukuwa hapa. Hebu inama uone huku chini."

Akamwita kijana wake autikise usukani taratibu, na Mzee akaona kwa macho yake: chuma cha kwanza kinakwenda na kurudi, lakini rilei haisogei mpaka chuma kiwe kimekwenda nusu ya njia yake. Kiungo baina yao kilikuwa kimekwisha.

Sababu ya hatari ile ni hii. Gari aghalabu huenda moja kwa moja, kwa hiyo meno ya katikati ya sanduku hulika zaidi kuliko ya pembeni. Ukiikaza skrubu mpaka mchezo wa katikati uishe kabisa, yale meno ya pembeni, ambayo hayajalika sana, hubanana gari linapokata kona. Usukani huwa mzito, haurudi wenyewe, na sanduku hujila lenyewe kwa haraka. Wakati huo huo kiungo kilichokufa kimebaki pale pale, ila sauti yake imezibwa. Kiungo cha namna hiyo kikiachwa, mwisho wake kichwa huchomoka katika kikombe, na tangu hapo usukani hauna habari na magurudumu.

Basi uchunguzi ufanywe hivi. Simamisha gari mahali tambarare, magurudumu yakitazama mbele, injini imezimwa, breki ya mkono imevutwa, na mawe yamewekwa nyuma na mbele ya tairi. Zungusha usukani kwa kidole mpaka uhisi uzito, kisha urudishe upande wa pili mpaka uhisi uzito tena, na upime umbali huo kwenye ukingo wa usukani. Katika ukaguzi wa magari wa Uingereza, usukani wenye upana wa milimita 380 hauruhusiwi kucheza zaidi ya milimita 75 katika gari lenye sanduku kama hili. Na katika gari lenye usukani wa reki, ambao ni wa moja kwa moja zaidi, kipimo cha kawaida ni milimita 13 tu. Usukani ukiwa mpana zaidi, kipimo huongezeka kwa kadiri yake. Lakini vipimo hivyo ni mpaka wa kukataliwa, si alama ya afya. Gari linalotunzwa hucheza kidogo kuliko hivyo.

Kisha mtu mmoja aketi autikise usukani kidogo kidogo kulia na kushoto, na mwingine afuate viungo kimoja kimoja, akiweka vidole vyake juu ya maungio. Asiharakishe, wala asiridhike na kuona kimoja kibovu akaacha vilivyobaki. Kanuni ni nyepesi: pale ambapo chuma cha upande huu kinasogea na cha upande wa pili kimesimama, hapo ndipo penye ugonjwa. Aanze kwenye fimbo ya usukani, aangalie bolti zinazolishika sanduku, maana sanduku lenyewe likitikisika viungo vyote huonekana vibaya hali ni vizima. Aangalie nati ya ule mkono mfupi, kisha rilei na chuma cha chasisi kinachoishika, kama hakikuliwa na kutu. Mwisho aangalie viungo vyote 6.

Baada ya hapo gurudumu la mbele lipandishwe kwa jeki, na gari liwekwe juu ya vigingi imara. Mtu asiingie chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake. Shika tairi juu na chini ulitikise. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki. Mchezo ukitoweka, beringi za gurudumu ndizo zilizolegea. Ukibaki, ni kingi pini. Jaribio hili halina gharama yoyote, na limewaepusha wengi na kununua spea wasiyoihitaji.

Ama matengenezo, yafuate mpango. Tairodi endi iliyolika haitengenezwi, hubadilishwa. Kabla ya kuifungua, hesabu mizunguko ya nyuzi zake ili mpya irudi mahali pale pale, na ukumbuke kwamba upande mmoja wa chuma hufunguliwa kinyume cha mwingine. Nati yake ikazwe, na kipini cha waya kinachoizuia isifunguke kiwe kipya. Tundu lisipolingana, kaza mbele kidogo mpaka lilingane, usilegeze nyuma. Mpira unaofunika kiungo ukipasuka, vumbi na maji huingia na kukimaliza kiungo upesi, kwa hiyo mpira uliopasuka ni onyo la mapema. Viungo vikibadilishwa, gari lipimwe alaimenti, la sivyo tairi mpya zitalika upande mmoja.

Kingi pini hurekebishwa kwa kupunguza zile shimu nyembamba chini ya pini ya juu, na ikiwa bushi zimekwisha hubadilishwa. Rilei hutaka mafuta ndani yake; ikikaa kavu kwa miaka huganda au hulika. Lakini twaonya kwa nguvu: ndani ya rilei mna springi yenye nguvu kubwa iliyobanwa, nayo ikifunguliwa ovyo huruka na kuumiza. Hiyo ni kazi ya fundi aijuaye. Viungo vyote vikiwa vizima, ndipo ifike zamu ya ile skrubu ya sanduku. Hukazwa magurudumu yakitazama mbele, kidogo tu, kisha usukani huzungushwa kutoka mwisho hadi mwisho kuhakikisha haubani popote, na nati yake ikafungwa. Mchezo mdogo ukibaki, uachwe. Ni bora kuliko usukani unaoshikana konani. Na ikiwa haukai sawa bila ya kubana, sanduku lifunguliwe lirekebishwe ndani.

Jambo moja zaidi ni la kukatazwa kabisa: kuchomelea kwa moto chuma chochote cha usukani, au kukipasha moto ili kukinyosha. Chuma kilichopata moto hivyo hupoteza nguvu yake, kwa nje hakionyeshi dalili, na hukatika siku ya mzigo mkubwa na njia mbaya. Kilichopinda kibadilishwe.

Twajua kwamba fedha ni ngumu, na mwenye gari hutaka kufanya kazi ya leo kwa kilichopo leo. Hata hivyo uchunguzi tuliouelezea hautaki ila watu wawili, jeki, vigingi na saa moja. Ufanywe kila baada ya miezi michache, na kila baada ya gari kupiga shimo kubwa. Ukionyesha kiungo kilichokwisha, gari lisibebe watu mpaka kitengenezwe, hata kama safari imekwisha ahidiwa. Abiria hana namna ya kuukagua usukani; amepanda kwa kumwamini dereva, na watoto waliokaa nyuma hawajui hata kwamba kuna kitu cha kukaguliwa. Mzee wa mboga tuliyemtaja hubadilisha sasa viungo kabla havijamshtua, na wanaopanda gari lake kwenda Mombo huzungumza njia nzima habari za bei ya nyanya.