Dawa ya deni ni kulipa: Kiini cha kudorora kwa uchumi wa Kenya

Uchumi wa Kenya ulikua kwa asilimia 4.7 mwaka 2024, ukiwa umeshuka kutoka asilimia 5.7 mwaka uliotangulia, kwa mujibu wa Shirika la Takwimu la Kitaifa (KNBS). Kwenye karatasi tofauti hiyo ni ndogo. Kwa fundi anayefika alfajiri kwenye lango la mjengo akitafuta kibarua, ndiyo inayoamua kama ataitwa ndani au atarudi nyumbani mikono mitupu. Nafasi mpya za kazi mwaka huo zilikuwa 782,300, na kati yake 703,700 zilikuwa za sekta ya juakali, ambako kipato cha leo hakina dhamana ya kesho.

Nani alaumiwe? Wapo wanaotaja mafuriko ya Aprili na Mei 2024. Wengine wananyooshea kidole maandamano ya vijana yaliyopinga Mswada wa Fedha. Wenye biashara wanalia na ushuru, na wanaotafuta mikopo wanalia na riba. Kila hoja ina uzito wake, lakini si zote zinazohimili takwimu.

Tuanze na mvua. Kilimo kilikua kwa asilimia 4.6 mwaka 2024 baada ya kukua kwa asilimia 6.6 mwaka 2023. Kilipunguza mwendo, ni kweli, ila hakikurudi nyuma. Mwaka 2022 ukame ulipokausha malisho na mashamba, kilimo kilinywea, na hata hivyo uchumi mzima ulikua kwa takriban asilimia 4.9. Kama nchi ilikimbia zaidi shamba lilipokauka kuliko shamba lilipozaa, basi mvua haitoshi kueleza yaliyotokea.

Maandamano nayo yalifunga maduka na kusimamisha usafiri, na watu walipoteza maisha. Hata hivyo, sekta ya ujenzi ilikuwa tayari inanywea katika robo ya pili ya mwaka, Aprili hadi Juni, ilhali maandamano makubwa yalianza katikati ya Juni. Mafuriko yaliyosimamisha kazi nyingi katika robo hiyo yalikuwa yamepita ilipofika robo ya tatu, na bado ujenzi uliendelea kushuka. Kufikia mwisho wa mwaka ulikuwa umenywea kwa asilimia 0.7. Uchimbaji wa madini na mawe ulianguka kwa asilimia 9.2. Hilo halishangazi, kwa kuwa kokoto hainunuliwi pasipojengwa.

Hapo ndipo mjadala unapopaswa kutua. Ujenzi una mnunuzi mmoja mkubwa kuliko wote, naye ni serikali. Mnunuzi huyo amekuwa akichukua kazi bila kulipa. Kufikia katikati ya 2024 madeni ya serikali kuu kwa wanakandarasi na wazabuni yalikuwa yamepita Sh500 bilioni, na kaunti zilikuwa zinadaiwa zaidi ya Sh150 bilioni nyingine. Mwaka 2023 iliundwa kamati chini ya Edward Ouko, aliyekuwa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, kuchunguza madai yaliyorundikana tangu 2005. Mtoto aliyezaliwa mwaka huo alikuwa amefikisha umri wa kuchukua kitambulisho.

Deni la namna hii halikai mahali pamoja. Mwanakandarasi anayejenga barabara hukopa benki ili anunue lami, mafuta na vyuma. Mhandisi anapoikagua kazi humtilia saini cheti cha malipo. Cheti kinakwenda wizarani na kulala huko. Riba ya benki hailali. Mwenye duka la vifaa aliyemkopesha saruji hapati chake, naye anashindwa kumlipa aliyemuuzia. Mwenye lori anakosa karo ya mtoto, vibarua wanaambiwa warudi mwezi ujao, na mwishowe benki inatangaza mnada. Desemba 2024 mikopo isiyolipika ilifika asilimia 16.4 ya mikopo yote ya mabenki.

Serikali hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa ikishindana na mfanyabiashara kwenye foleni ya mkopo. Januari 2024 dola ilikaribia Sh160, huku deni la nje la dola bilioni 2 likisubiriwa kulipwa Juni. Benki Kuu ilipandisha riba yake hadi asilimia 13 mwezi Februari ili kuilinda shilingi, na mwezi huo huo Hazina ikauza hatifungani ya miundomsingi kwa riba ya asilimia 18.46 isiyotozwa kodi. Shilingi iliokoka. Lakini meneja wa benki anayepewa faida ya namna hiyo na Hazina ana sababu gani ya kumkopesha mwenye duka la vifaa mjini Kitale? Kufikia Desemba, mikopo kwa sekta binafsi ilikuwa imepungua kwa asilimia 1.4 ikilinganishwa na mwaka uliotangulia, ingawa sehemu ya upungufu huo ilitokana na kuimarika kwa shilingi, kulikopunguza thamani ya mikopo ya dola.

Mwaka 2025 umetupa kipimo. Serikali ilitenga Sh7 za ada ya barabara katika kila lita ya mafuta, ikazitumia kama dhamana ya kupata Sh175 bilioni za kuwalipa wanakandarasi wa barabara. Malipo yalipoanza, mitambo ilirudi kazini. Katika robo ya pili ya 2025 ujenzi ulikua kwa asilimia 5.7, na uchumi mzima kwa asilimia 5.0. Kufikia Juni Benki Kuu nayo ilikuwa imeshusha riba yake hadi asilimia 9.75, kwa hiyo mgonjwa alimeza dawa mbili kwa pamoja. Hata hivyo, riba nafuu pekee haiwezi kumrudisha kazini mwanakandarasi ambaye benki imekwisha kumwekea alama ya mdaiwa sugu. Kilichomrudisha ni pesa zake.

Tusisherehekee mapema. Ada hiyo ilipandishwa kutoka Sh18 hadi Sh25 kwa lita Julai 2024, na anayeilipa ni abiria wa matatu na mkulima anayesafirisha maziwa. Deni limehamishwa kutoka meza ya wizara hadi kwenye pampu ya mafuta. Tukiendelea kuandaa bajeti kwa mapato ya kutarajia, madeni mapya yatarundikana kabla ya haya kuisha.

Bunge limewahi kuletewa mswada wa kulazimisha malipo ya haraka. Urejeshwe na upitishwe, uwe na tarehe ya mwisho ya kulipa na riba kwa anayechelewesha. Kandarasi isitiwe saini kabla pesa zake hazijatengwa, na orodha ya wanaodai iwekwe hadharani, wa kwanza kudai awe wa kwanza kulipwa. Ushuru na riba tutaendelea kuvijadili, na ni haki yetu. Lakini serikali inayotaka uchumi ukue ianze kwa kulipa kazi iliyokwisha kufanyiwa.