Beri za kwenye friza: tusome bei, tusome na nchi zilikotoka

Jumamosi moja mwezi wa Machi, kikundi chetu cha akina mama kilikuwa kikiandaa vitafunio vya watoto katika jiko la ukumbi tunaokutania hapa Ufini. Tulikuwa tumenunua mifuko minne ya rasiberi zilizogandishwa, za bei nafuu kuliko zote dukani. Tulitaka kuzisaga kwenye blenda pamoja na mtindi.

Kabla hatujawasha blenda, mama mmoja anayefanya kazi katika jiko la shule aliuchukua mfuko, akaugeuza na kusoma maandishi madogo ya nyuma. Akatuuliza, "Dada zangu, hizi mtazichemsha saa ngapi?" Tukamjibu kwamba hazipikwi, zinasagwa tu. Akatikisa kichwa. "Kazini kwetu beri za kutoka nje haziendi mezani bila kuchemshwa. Hata ziwe za kupamba keki."

Siku hiyo watoto walichelewa kula, lakini sisi tulijifunza jambo. Tangu hapo tumeuliza, tumesoma na kulinganisha mifuko. Katika makala hii tunawashirikisha wasomaji yale tuliyojifunza, hasa familia zinazoishi katika nchi za kaskazini mwa Ulaya, ambako beri zilizogandishwa huliwa mwaka mzima.

Kwa nini bei zinatofautiana

Rasiberi ni tunda laini na kwa sehemu kubwa huchumwa kwa mkono, moja moja. Kwa hiyo sehemu kubwa ya bei yake ni malipo ya mchumaji. Serbia na Polandi ni miongoni mwa nchi zinazozalisha rasiberi nyingi zaidi barani Ulaya. Mashamba ni mengi, viwanda vya kugandishia vipo karibu, na mishahara ni midogo kuliko ya Ufini. Ufini ina majira mafupi ya joto na gharama kubwa za kazi. Ndiyo maana mifuko miwili inayofanana kwa rangi inaweza kutofautiana sana kwa bei.

Hali ya tunda nayo hubadilisha bei. Beri nzima huwa ghali kuliko zilizovunjika, ingawa kwa uji au jemu zilizovunjika zinafaa vilevile. Mifuko ya mchanganyiko inaweza kuwa na beri za nchi mbili, tatu au zaidi.

Kwa hiyo bei ndogo peke yake si dalili ya ubaya, wala bei kubwa si cheti cha usafi.

Tulinganishe bei ya kilo

Kosa letu la kwanza lilikuwa kutazama bei ya mfuko. Mifuko haina uzito mmoja. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, duka linatakiwa kuonyesha pia bei ya kilo, kwa kawaida kwa herufi ndogo kwenye lebo ya rafu: €/kg. Hiyo ndiyo ya kulinganisha.

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Mfuko wa gramu 200 unauzwa euro 2.40, na mfuko wa gramu 500 unauzwa euro 4.50. Wa kwanza unaonekana nafuu, lakini kilo yake ni euro 12, na ya ule wa pili ni euro 9.

Kabla ya kulipa, ubonyeze mfuko. Beri zikitawanyika, ni vizuri. Zikiwa zimeshikana bonge moja kubwa, huenda ziliyeyuka njiani zikaganda tena.

Tutafute nchi ya asili

Matunda mabichi yanayouzwa katika Umoja wa Ulaya hutakiwa kutaja nchi yalikotoka. Kwa yaliyogandishwa si lazima kila mara, ingawa makampuni mengi huandika. Kwenye mifuko ya Ufini tutafute neno "alkuperämaa", yaani nchi ya asili. Neno "kotimainen" maana yake ni la nyumbani, la hapa nchini.

Tuwe waangalifu na maneno yanayofanana na hayo. "Pakattu Suomessa" maana yake ni kwamba zimefungashwa Ufini. Beri zenyewe zinaweza kuwa zimetoka mbali. Alama nazo zinatofautiana. Ile ya "Avainlippu", yenye picha ya ufunguo, inaonyesha kwamba angalau nusu ya gharama za bidhaa ni za Ufini. Haisemi kwamba tunda limekua hapa. Ile ya "Hyvää Suomesta" ndiyo inayohusu asili ya chakula chenyewe: bidhaa ya kiungo kimoja, kama mfuko wa beri tupu, lazima iwe ya Ufini yote.

Mfuko usipotaja nchi yoyote, sisi tunauhesabu kuwa wa kutoka nje.

Baridi haiui virusi

Wengi wetu tulidhani kwamba kitu kilichokaa kwenye friza ni salama. Sivyo. Nyuzi 18 chini ya sifuri huzuia tunda lisioze, lakini pia huhifadhi virusi vilivyolishika tunda huko shambani. Virusi vinavyohusika zaidi ni viwili: norovirusi, vinavyoleta kutapika na kuhara kwa ghafla, na virusi vya homa ya ini aina ya A.

Mambo haya yametokea kweli. Mwaka 2009 hapa Ufini watu wapatao 900 waliugua norovirusi katika milipuko kadhaa iliyohusishwa na rasiberi zilizogandishwa kutoka Polandi. Mwaka 2012 huko Ujerumani karibu watu 11,000, wengi wao wanafunzi, waliugua baada ya kula stroberi zilizogandishwa kutoka China katika chakula cha shule. Mwaka 2013 homa ya ini aina ya A ilizuka katika Denmaki, Ufini, Norwei na Uswidi, na beri zilizogandishwa ndizo zilizoshukiwa.

Norovirusi hujitokeza ndani ya siku moja au mbili. Homa ya ini aina ya A huchukua siku 15 hadi 50. Mtu anapoanza kuona macho ya manjano, ameshasahau alikunywa nini mwezi uliopita, na mfuko ulishatupwa zamani.

Watoto wetu si kama sisi

Hapa pana jambo linalozihusu familia zetu kwa namna ya pekee. Wengi wetu tuliokulia Afrika ya Mashariki na Kongo tuliambukizwa homa ya ini aina ya A tukiwa wadogo. Mtoto mdogo mara nyingi haonyeshi dalili yoyote, na baada ya hapo mwili wake unakuwa na kinga. Kwa hiyo mama au baba anaweza kunywa kikombe kilekile asipate neno.

Lakini mtoto aliyezaliwa Ufini hajapata kinga hiyo, na chanjo ya homa ya ini aina ya A haimo katika chanjo za kawaida wanazopewa watoto wote hapa. Asipochanjwa, labda kwa ajili ya safari ya kwenda kuwaona bibi na babu, hana kinga. Basi tusiseme, "Mimi nimekula miaka yote na sijaugua." Anayekula nasi mezani si lazima awe na mwili kama wetu. Ugonjwa huu huwa mkali zaidi kwa watu wazima, na hasa kwa wazee na wenye matatizo ya ini. Norovirusi, kwa upande wake, haichagui mtu.

Jina la nchi si hukumu

Tusije tukatoka hapa tukisema kwamba watu wa nchi fulani ni wachafu. Virusi hivi hutoka kwenye kinyesi cha binadamu. Hulifikia tunda kwa njia ya maji machafu ya kumwagilia, au kwa mikono ya mtu ambaye hakuwa na mahali pa kunawa. Mchumaji anayefanya kazi tangu alfajiri katika shamba lisilo na choo wala maji hajafanya kosa lake mwenyewe. Aliyemnyima choo ndiye aliyeanza.

Sisi tunaotoka katika vijiji vilivyohangaika kuchimba visima na kujenga vyoo tunalielewa hili. Choo kinachokosekana kando ya shamba kinaweza kumfikia mtoto aliye maelfu ya kilomita kutoka hapo, ndani ya kikombe cha mtindi. Mashamba mengi ya Polandi, Serbia na kwingineko yanatunza wafanyakazi wao na maji yao vizuri. Shida ni kwamba mfuko hautuambii ni shamba lipi, na beri za mashamba mengi huchanganywa pamoja kiwandani.

Neno "kotimainen" nalo halijibu kila swali. Beri nyingi za msituni zinazouzwa hapa huchumwa na wageni wa msimu, hasa kutoka Thailand. Mwaka 2022 polisi wa Ufini walianza kuchunguza makosa ya usafirishaji haramu wa binadamu katika biashara hiyo. Mwaka 2024 Ufini iliacha kuwapa wachumaji hao viza za Schengen, ikataka waje kama wafanyakazi wa msimu wenye mkataba wa kazi. Kwa hiyo hata beri ya karibu ina mikono iliyoichuma, na ni haki kuuliza kama mikono hiyo imelipwa.

Moto ndio dawa

Mamlaka ya Chakula ya Ufini, Ruokavirasto, inashauri beri zilizogandishwa za kutoka nje zipashwe moto kabla ya kuliwa: zichemke kwa dakika 2, au zikae kwenye nyuzi 90 kwa dakika 5. Denmaki na Uswidi zinashauri kuchemsha kwa dakika 1. Kuziosha hakutoshi, na kuziacha ziyeyuke kwenye friji hakusaidii.

Baada ya kuchemka, ziache zipoe, kisha zisage na mtindi kama kawaida. Ladha hubadilika kidogo, lakini watoto wetu hawakulalamika.

Jinsi tunavyonunua sasa

Tumeacha kuanza na bei. Tunaanza na swali hili: beri hizi zitapikwa, au zitaliwa hivihivi?

- Zikiwa za kupikwa (uji, jemu, keki inayoingia jikoni ikiwa na beri ndani), tunachukua zenye bei ndogo ya kilo, za nchi yoyote.
- Zikiwa za kuliwa bila moto, tunachukua zilizoandikwa "kotimainen", au tunachemsha za kutoka nje kwanza.
- Mfuko wa mchanganyiko wenye hata nchi moja ya nje, tunauchukulia kama wa nje wote.
- Tunaponunua kwa ajili ya kikundi, tunahifadhi mfuko kwenye friza hadi beri ziishe, ili nchi na tarehe zijulikane.

Hesabu nayo inasaidia. Tuseme za nje ni euro 7.50 kwa kilo, na za hapa ni euro 14. Mtoto mmoja hutumia gramu 50. Tofauti ni kama senti 33 kwa kikombe, yaani karibu euro 10 kwa watoto 30. Kwa kikundi chenye mfuko mdogo hiyo si fedha ndogo. Kwa hiyo mara nyingi tunanunua za bei nafuu na kuziweka kwenye sufuria. Aliye na haba ya fedha hana sababu ya kujiona amewapa watoto chakula duni, mradi amechemsha.

Na zile za bure

Iko bei moja ambayo haipo dukani. Ufini ina haki ya kila mtu, "jokamiehenoikeus", inayomruhusu yeyote, raia au mgeni, kuchuma beri za msituni bila kumwomba mwenye ardhi. Hairuhusiwi kuingia uani kwa watu, kwenye mashamba yaliyolimwa, au mahali palipokatazwa kwa ajili ya hifadhi. Mustikka, zile bluberi ndogo za msituni, huiva kuanzia Julai. Puolukka nyekundu hufuata mwishoni mwa Agosti na Septemba.

Kila mwaka sehemu kubwa ya beri hizi huozea msituni. Tunanawa mikono kabla ya kuchuma, anayeharisha anabaki nyumbani, na tukirudi tunaondoa majani na kuziweka kwenye friza siku hiyohiyo. Anayechuma na kuuza ziada, bila kuajiriwa na mtu, hatozwi kodi ya mapato kwa fedha hiyo. Akina mama wawili wa kikundi chetu walijaza friza zao hivyo msimu uliopita, na watoto walijifunza majina ya beri kwa Kifini na kwa Kiswahili.

Maswali ya kujadili katika kikundi

- Nyumbani kwenu, ni beri zipi huliwa bila kupikwa, na nani huzila?
- Fungueni friza. Je, kila mfuko unataja nchi ulikotoka?
- Je, watoto wenu wamechanjwa homa ya ini aina ya A? Mnaweza kumuuliza muuguzi wa kliniki ya watoto.
- Katika kijiji mlikotoka, wafanyakazi wa mashambani wana choo na maji ya kunawa karibu? Ni nani anayepaswa kuvileta?