Kompyuta ya Mpakato Inapokataa Kuongozwa kwa Kidole

Katika mazoezi ya kufundisha ya mwaka jana nilikaa nyuma ya darasa la tano nikiangalia somo la Sayansi. Mwanachuo aliyefundisha alikuwa ameandaa picha za mmeng'enyo wa chakula katika kompyuta ya mpakato. Alikuwa ameazima projekta, na andalio lake la somo halikuwa na kasoro. Lakini alipoanza tu, kishale kikawa kinarukaruka kiooni, mara juu mara chini, kikifungua asichokitaka na kukipita anachokitaka. Kwa dakika kumi na nne, katika kipindi cha dakika arobaini, wanafunzi zaidi ya sabini waliutazama mgongo wa mwalimu wao. Ubao ulikuwapo na chaki zilikuwapo. Baadaye ilibainika kwamba dosari ile ingaliweza kuondolewa kwa muda wa kuvuta pumzi mara moja.

Wapo wakufunzi wenzangu wanaoona kwamba mwanachuo wa namna hiyo apunguziwe alama kwa kutoijua mashine. Mimi siafiki. Apunguziwe kwa zile dakika kumi na nne. Kuhusu mashine, yafaa kwanza sisi tumfundishe, na hayo ndiyo madhumuni ya makala haya.

Kibao bapa kilicho mbele ya vitufe vya herufi, ambacho wengi hukiita tachipadi, kilianza kuenea baada ya Apple kukitia katika kompyuta zake za PowerBook 500 mwaka 1994. Chini ya uso wake umetandazwa wavu wa njia nyembamba za umeme mdogo sana. Mwili wa mtu hupitisha umeme. Kwa hiyo kidole kinapougusa uso ule, kiasi cha chaji kinachoshikwa na wavu hubadilika mahali pale, na mashine hujua kidole kipo wapi. Basi ieleweke kwamba kibao hiki hakiongozwi na nguvu ya mkono. Anayekandamiza zaidi hapati zaidi. Mwanachuo anaweza kujaribu kwa kupitisha kifuniko cha plastiki cha kalamu: kishale hakitasogea hata kidogo.

Ukilishika jambo hilo moja, dosari nyingi zitajieleza zenyewe. Maji hupitisha umeme, kwa hiyo tone la jasho au unyevu juu ya kibao huonekana kama kidole cha pili. Kiganja kilichoegemea ukingoni huonekana vilevile. Nasi walimu tuna adui wetu wa pekee, yaani vumbi la chaki, ambalo likichanganyika na jasho la vidole hufanya utando. Futa mikono kabla ya kuigusa mashine. Kibao kisafishwe mashine ikiwa imezimwa, kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo tu, kisichochuruzika maji.

Sasa nirudi kwa yule mwanachuo. Mashine yake ilikuwa imechomekwa chaja katika waya mrefu wa kuongezea umeme, nao ulikuwa wa pini mbili, usio na njia ya kupeleka umeme ardhini. Katika hali hiyo chaja, hasa iliyo duni, huweza kuingiza mtetemo wa umeme katika mashine, na wavu wenye kuhisi chaji ndogo hivyo hauwezi kuutenga mtetemo huo na kidole. Kipindi kilipokwisha alichomoa chaja ili aondoke. Kishale kikatulia papo hapo. Kwa hiyo kishale kikirukaruka, jambo la kwanza ni kuchomoa chaja na kutazama. Kikitulia, umekwisha kumjua mwenye kosa.

Kibao kisipojibu kabisa, sababu aghalabu ni nyingine. Kwanza hakikisha kwamba mashine nzima haijaganda: bonyeza Caps Lock uone kama taa yake, ikiwapo, inawaka na kuzimika. Isipobadilika, na vitufe vingine navyo visijibu, basi mgonjwa si kibao. Hapo bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi hivi mpaka mashine izimike, ukijua kwamba kazi isiyohifadhiwa itapotea. Lakini vitufe vikiwa hai, tazama safu ya juu, kuanzia F1 hadi F12. Katika mashine nyingi kimojawapo kina mchoro mdogo wa kibao, na kazi yake ni kukizima na kukiwasha. Huenda kikahitaji kubonyezwa pamoja na kile chenye maandishi Fn. Kidole hukipitia kwa bahati mbaya, na mwenye mashine hudhani imeharibika. Katika Windows, kitufe cha Windows pamoja na I hufungua mipangilio. Humo, kwa Tab na vitufe vya mishale, utafika penye kibao na kuona kama kimezimwa, au kama kimeamriwa kuzimika kila kipanya kinapounganishwa.

Yote hayo yakishindikana, hifadhi kazi kwa Ctrl na S, kisha uzime na kuwasha upya. Badili jambo moja tu kwa wakati mmoja, la sivyo hutajua ni lipi lililoponya. Ikiwa dosari ilianza mara baada ya Windows kujisasisha, huenda programu ndogo inayokiendesha kibao ndiyo iliyovurugika. Anayejua kazi hiyo anaweza kuirudisha katika toleo lililotangulia.

Lipo jambo moja ambalo halitaki kujaribiwa. Kibao kikiwa kimeinuka upande mmoja, au kikawa kigumu kubofya, au mashine ikiyumba juu ya meza iliyo sawa, shuku betri. Katika mashine nyingi betri ya lithiamu imekaa chini ya kibao. Ikichakaa au kuharibika huweza kujaa gesi ndani na kuvimba, ikakisukuma kibao juu. Zima mashine, chomoa chaja, usiikandamize wala kuichokoa kwa kisu, na usiwaachie wanafunzi waishike, kwani betri iliyotoboka huweza kulipuka moto. Ipelekwe kwa fundi, tena aambiwe wazi kinachoshukiwa.

Na katikati ya somo je? Mimi huwapa wanachuo wangu dakika mbili tu. Maonyesho ya picha hayahitaji kibao hata kidogo: F5 huyaanzisha katika PowerPoint, mishale huyasogeza mbele na nyuma. Kipanya cha waya hakihitaji maelezo.

Mwanachuo yule alifundisha tena mbele yangu siku ya Alhamisi. Alikuja na kipanya alichokiazima kwa mwenzake na mchoro wa tumbo na utumbo kwenye karatasi ya manila, akautundika ubaoni kabla hajaiwasha mashine. Chaja aliiacha ofisini. Umeme ulikatika dakika ya ishirini, projekta ikazimika, naye akamwita mtoto mmoja mbele aonyeshe kwenye manila njia ya chakula kutoka kinywani.