MAELEZO KWA WAVUVI NA WENYE VYOMBO: Vifaa Vinavyoitwa vya Baharini na Vile vya Kawaida

Wavuvi, manahodha na wenye vyombo vya Unguja na Pemba wanakumbushwa kuwa bisibisi, koleo au spana iliyochorwa nanga huweza kuuzwa kwa bei kubwa kuliko ya kawaida, ilhali kazi yake ni ile ile. Inafaa ieleweke kuwa alama hiyo peke yake si ushahidi wa ubora.

Spana ya milimita 13 hufungua nati ya milimita 13, iwe ya mashine ya boti au ya gari. Spana nzuri za kawaida hutengenezwa kwa chuma kilichochanganywa na kromiamu na vanadiamu, na zenye nanga mara nyingi ni za chuma hicho hicho. Zote huharibika zikiachwa na maji ya chumvi. Kinachozihifadhi ni kuoshwa kwa maji matamu, kukaushwa na kupakwa mafuta kila baada ya safari. Kadhalika, ndoo ya kutekea maji ngamani na brashi ya rangi zinunuliwe popote kwa bei nafuu.

Hata hivyo, yapo mambo matatu ambayo hayafai kubaniwa fedha.

Kwanza, ni misumari, skrubu na bolti zinazoshika mbao. Skrubu za shaba ya njano hupoteza zinki yake ndani ya maji ya bahari, zikabaki na umbo lake bila ya nguvu. Bolti za chuma kisichoshika kutu nazo si aina moja. Zenye alama ya A2 kichwani hudhurika na chumvi upesi zaidi; zenye alama ya A4 zina molibdenamu, kiasi cha asilimia 2 hadi 3, na hustahamili zaidi. Sumaku haitoshi kuzitofautisha, isomwe alama. Misumari ya chuma iwe imechovywa katika zinki iliyoyeyushwa, kwani ile iliyopakwa kwa umeme ina utando mwembamba.

Pili, ni vifaa vya umeme katika boti yenye mashine ya petroli ndani. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hivyo hutuama ngamani. Stata ya gari inaweza kutoa cheche na kuuwasha. Ya boti huzibwa ili cheche isitoke nje.

Tatu, ni jaketi okozi. Dumu tupu au mpira wa gari hauwezi kuinua uso wa mtu aliyezimia majini.

Hivyo basi, kabla ya kununua, mwenye chombo anashauriwa ajiulize: kifaa hiki kitarudi nyumbani ndani ya sanduku, au ndicho kitakachoshika ubao, kukaa karibu na petroli au kuokoa roho? Cha sandukuni kinunuliwe cha kawaida, na fedha iliyobaki iongezwe kwenye bolti na majaketi ya mabaharia wote.