Kampuni ikipanda miti, uliza kuhusu pakiti

UZI. Mjadala ukifika kwa kampuni na mazingira, lazima mtu aseme "lakini hawa wamepanda miti, wamejengea shule choo." Watu wanapiga makofi, tunaendelea na mengine. Wacha tukae hapo kidogo.

Hiyo miti ni hisani, ile tunaita CSR. Kampuni inaamua yenyewe itoe nini na lini, na kamera zikae wapi. Ikiacha mwaka ujao huna pa kuishtaki.

Sasa angalia kile inauza. Chukua sabuni ya unga ya kadogo. Chupa ya soda huokotwa kwa sababu inauzika kwa kilo. Kile kipakiti mara nyingi ni tabaka kadhaa za plastiki, saa zingine na foili, zimegandishwa pamoja. Kuzitenganisha ni ghali, kwa hivyo hakina mnunuzi, na kisicho na mnunuzi haokoti mtu. Kinaishia mtaroni. Marufuku ya 2017 iligusa mifuko ya kubebea. Pakiti za kiwandani ziliachwa.

Na nani analipa? Katiba, Jedwali la Nne, imepea kaunti kazi ya kuzoa taka. Yaani wewe. Anayeishi kando ya jaa la Dandora analipa na mapafu pia.

Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 ilikuja kugeuza hii hesabu. Mzalishaji anabeba jukumu la bidhaa yake hata ikishakuwa taka. Anaweza kujipanga peke yake ama aungane na wenzake wafadhili ukusanyaji na urejelezaji.

Tafadhali usichanganye hii na ushuru wa mazingira wa Mswada wa Fedha wa 2024, ule ulienda na mswada wote baada ya maandamano. Ule ulikuwa unaingia serikalini. Mwanasiasa akikuambia "wananchi walishakataa hiyo", mwambie tulikataa kitu kingine.

Kuna pingamizi moja la kweli: kampuni itaweka gharama kwa bei, na anayenunua ya kadogo ndiye hana pesa ya pakiti kubwa. Siwezi kudharau hilo, shilingi mbili ni pesa. Lakini mara nyingi ni huyo huyo maji huingia kwake mtaro ukiziba. Na kampuni ikianza kulipia kila pakiti, itapata sababu ya kubuni inayorejelezeka, ama kuacha duka liuze sabuni ya kupima vile tunanunua mafuta ya kupikia.

Kwa hivyo kwa mdahalo ujao, uliza: mwaka jana mliuza tani ngapi za pakiti, na mkakusanya ngapi? Kifungu cha 42 kinakupa haki ya mazingira safi, na cha 35 kinakuruhusu kudai habari unayohitaji kulinda haki hiyo, hata kama imeshikwa na kampuni binafsi.