Jiko, Ghala na Darasa: Nafasi ya Maarifa ya Nyumbani katika Elimu ya Kujitegemea

Kila mwezi wa Agosti wakulima na wafugaji wa mikoa ya Dodoma na Singida hukutana Nzuguni katika maonyesho ya Nanenane. Shule nazo huleta wanafunzi wao kwa makundi. Vijana huonyeshwa mtama uliostawi, alizeti, zabibu, mifugo iliyonona na zana za kuhifadhia nafaka. Husikiliza, huandika katika madaftari, kisha hurudi darasani kuendelea na yale yanayoitwa masomo ya kweli, yaani yale yatakayotoka katika mtihani. Swali la makala hii ni hili: kwa nini ujuzi wa kuhifadhi chakula, kupika, kulea watoto na kupanga matumizi ya nyumba uwe jambo la kwenda kutazamwa mara moja kwa mwaka, badala ya kuwa ndani ya elimu yenyewe?

Wapo ndugu watakaosema kwamba hilo ni swali la walimu wa sayansikimu, wala halihusu jarida la nadharia. Hatukubaliani nao. Swali hili ni la siasa kwa sababu linahusu kazi: ni kazi gani inaheshimiwa, nani anabebeshwa ile isiyoheshimiwa, na nani anaumia jamii inapoidharau.

Asili ya dharau

Kabla ya ukoloni mtoto wa Kigogo alijifunza kuchagua mbegu, kuchunga, na kukausha mboga za mlenda ili ziliwe wakati wa kiangazi, kwa kufanya kazi pamoja na wakubwa zake. Elimu ile ilikuwa na mipaka yake. Haikumweleza sababu za kisayansi, wala haikuweza kuizuia njaa ya Mtunya iliyoikumba Ugogo kati ya 1917 na 1920, baada ya majeshi ya Wajerumani na Waingereza kuchukua nafaka, ng'ombe na wapagazi. Lakini elimu ile haikutenganisha akili na mikono.

Aliyetenganisha ni mkoloni. Mvulana alifundishwa awe karani. Msichana alifundishwa kufuma vitambaa vya meza na kuoka keki ili awe mke wa karani. Kutokana na hayo ilizaliwa kasumba yenye sehemu tatu. Kwanza, kwamba kazi ya mikono ni adhabu. Pili, kwamba mambo ya jikoni ni ya wanawake. Tatu, kwamba mafunzo ya vitendo ni ya walioshindwa mtihani.

Hati ya Elimu ya Kujitegemea, aliyoitoa Mwalimu Nyerere Machi 1967, iliipiga vita kasumba hiyo. Ilitaka shamba na karakana ya shule viwe sehemu ya masomo, wanafunzi washiriki kupanga na kuamua, na waonje wenyewe faida na hasara ya maamuzi yao. Katika miaka ya 1970 shule za sekondari zilipewa michepuo ya kilimo, ufundi, biashara na sayansikimu. Nje ya shule, kampeni ya Mtu ni Afya ya 1973 iliwafikia watu wazima wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio. Walijadiliana, kisha wakachimba vyoo na kusafisha visima. Mwaka 1975 ikafuata kampeni ya Chakula ni Uhai. Wanaume na wanawake waliketi kikundi kimoja, na hakuna aliyesema kwamba lishe ni somo la wasichana.

Hata hivyo, lazima tujikosoe. Katika shule nyingi Elimu ya Kujitegemea iligeuka kuwa jembe tu. Aliyechelewa asubuhi alipelekwa kufyeka majani. Mahindi yalivunwa, na mwanafunzi hakuelezwa yaliuzwa kwa bei gani wala fedha zilikwenda wapi. Kazi isiyo na maelezo wala maamuzi haimkomboi mtu. Humfundisha kuichukia kazi. Kwa hiyo tuliikemea kasumba ya mkoloni kwa maneno, na papo hapo tukaiimarisha kwa vitendo.

Ushahidi wa ghala

Atakayedhani kwamba haya ni mabishano ya maneno matupu na akumbuke mwaka 2016. Mwaka huo, ambao ndio Serikali ilitangaza kuhamia Dodoma, watu zaidi ya 60 katika mikoa ya Dodoma na Manyara waliugua ghafula, na takriban 20 wakafa. Walichokula kilikuwa mahindi waliyolima na kuyahifadhi wenyewe. Uchunguzi ulionyesha kwamba mahindi hayo yalikuwa na sumukuvu.

Sumukuvu ni sumu inayotengenezwa na kuvu waotao juu ya mahindi na karanga. Ukame huudhoofisha mmea shambani, wadudu hutoboa punje, na kuvu hupata mlango. Nafaka ikianikwa juu ya udongo, ikawekwa ghalani kabla ya kukauka, au magunia yakilazwa sakafuni, kuvu huenea. Sumu yenyewe haionekani kwa macho, na moto wa jikoni hauiondoi.

Sasa tuitazame kinga yake. Mahindi yaanikwe juu ya turubai au chanja. Punje zilizovunjika au kubadilika rangi zichambuliwe na kuteketezwa, wala zisipelekwe kwenye pombe au kwa kuku. Magunia yainuliwe juu ya vichaga, mbali na ukuta. Kabla ya kuweka ghalani, punje zipimwe: zitiwe katika chupa kavu pamoja na chumvi kavu kidogo, zitikiswe kwa dakika chache, kisha ziachwe zitulie. Chumvi ikiganda pembeni mwa chupa, mahindi bado yana maji, yarudishwe juani.

Hakuna hata kimoja hapo kinachohitaji fedha za kigeni wala mtaalamu kutoka nje. Mtoto wa darasa la tano anaweza kukifanya chote na kukieleza. Ndani ya chupa ile imo fizikia ya unyevu, imo baiolojia ya kuvu, na imo hesabu ya gunia litakalobaki hadi Machi. Hiyo ndiyo maana ya kuunganisha nadharia na vitendo.

Tena tusidhani kwamba chakula kingi peke yake kinatosha. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulionyesha kwamba watoto 30 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Katika Mkoa wa Iringa, ambao ni hodari wa kulima chakula, waliodumaa walizidi nusu. Sababu za udumavu ni nyingi, zikiwamo umaskini, maradhi na mzigo wa kazi unaomwelemea mama. Lakini takwimu hizo zinatufundisha kwamba uzalishaji ni nusu ya uchumi. Nusu ya pili ni namna mavuno yanavyotunzwa, yanavyogawanywa na yanavyoliwa. Nusu hiyo ya pili ndiyo tuliyoiita mambo ya wanawake na kuiweka pembeni.

Hali ya sasa na hatari yake

Kwa kufuata Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, mitaala mipya ilianza kutumika Januari 2024, na elimu ya sekondari ikapewa mkondo wa jumla na mkondo wa amali. Hatua hii ni nzuri. Lakini kasumba haifutwi na mtaala. Mzazi akisema, "Huyu kichwa chake kizito, apelekwe amali," na mwalimu akakubali, tutakuwa tumejenga upya daraja lile lile la karani na mtwana.

Nzuguni yenyewe inatuonyesha kwamba haja ya maarifa haya haimaliziki kwa kukua kwa mji. Mahali palipokuwa mashamba sasa pamepimwa viwanja. Pana soko kubwa na kituo kikuu cha mabasi. Familia iliyouza shamba sasa hununua unga kwa kilo. Inahitaji kujua kupanga mshahara au faida ya genge, kuotesha mchicha katika viroba, kutunza maji, na kusoma masharti ya mkopo kabla ya kutia sahihi, maana mikopo ya kausha damu huanzia pale hesabu ya nyumbani inapoishia. Kijana wa mjini asiyeyajua hayo ni mateka wa mwenye duka na mkopeshaji, hata awe na cheti gani.

Wajibu wa makada

Sisi tunaofundisha siasa tuna hatia yetu. Kwa miaka mingi tumefundisha Elimu ya Kujitegemea kwa kusoma nukuu, na wanakozi wakaandika. Siku moja tuliwauliza wanakozi maana ya kujitegemea. Wakaitaja yote, neno kwa neno. Tukauliza namna ya kujua kama mahindi yamekauka. Kimya. Aliyejibu alikuwa mama mpishi aliyekuja kukusanya vikombe.

Tangu siku hiyo tunasisitiza mambo matatu. Kwanza, kila shule iwe na ghala na jiko linalotumika kufundishia, na wavulana wapike kama wasichana. Pili, hesabu za mazao ya shule zibandikwe ukutani, na wanafunzi waamue sehemu yao. Tatu, kazi isitolewe kamwe kuwa adhabu. Mwalimu afanyaye hivyo arekebishwe.

Kada anayeketi katika kamati ya shule asiulize tu wangapi wamefaulu. Aombe kuonyeshwa ghala, na amwombe mtoto ye yote, bila kuchagua, amweleze kwa nini magunia yamewekwa juu ya vichaga. Jibu la mtoto huyo ndilo litakalomwambia kama shule hiyo inajitegemea.